Shifre ya reanimasio si hukumu: sisi wa mugodi tunapashwa kuuliza nini

Tuanze na haya yetu wenyewe. Wakati wa mvua uliopita, sisi delege wa sendika tulipitisha karatasi ya matanga katika ekipe tatu za kazi. Kila mtu aliandika jina lake na franka anazotoa. Lakini ndugu tuliyekuwa tunamchangia kilio alikuwa angali anapumua. Alikuwa katika reanimasio, siku ya pili.

Tulifanya vile juu ya shifre moja: 52. Munganga alikuwa amemweleza mke wa ndugu yetu asema dosie ya bwana iko na skori ya 52, na kwamba kwa skori ile nusu ya wagonjwa wanakufa. Mama akamwambia shemeji, shemeji akamwambia shefu wa ekipe, shefu akatupigia simu. Njiani, ile "nusu" ikapotea. Ilipofika kwetu ilikuwa: "Bamunganga banasema ule hatalamuka tena."

Ndugu ule aliamka. Leo iko nyumbani, anatembea, ameanza kazi nyepesi. Na karatasi ya matanga aliiona, juu kuko mtu alimwonyesha. Alituangalia tu, akauliza: "Kumbe mulikwisha kunizika?" Hatukupata jibu.

Mwezi ule ule, ndugu wa pili aliingia katika sali ile ile. Huyu alikuwa mutoboaji, miaka 19 chini ya udongo. Skori yake ilikuwa 28. Tuliambiwa tutulize roho, shifre si mbaya. Basi tukatulia. Hakuna aliyekimbia kutafuta oksijeni zaidi, hakuna aliyelala mlangoni. Usiku wa nne akafa.

Familia zote mbili zimeturusu kuandika mambo haya bila kutaja jina la mtu wala la lopitali. Tunaandika kwa sababu shifre hizi hazikai tena kwa waganga peke yao. Zimefika katika biro za makampuni. Tulipoomba karatasi ya kumpeleka ndugu wa kwanza kwenye lopitali kubwa yenye dialize, mkubwa mmoja wa personeli alitujibu hivi: "Kama iko nusu-nusu, tungoje kwanza." Siku mbili zilipita hivyo. Shifre iliyotengenezwa kwa kazi ya waganga iligeuka kuwa sababu ya kutolipa.

Sisi si waganga. Tumesoma sekondari, tumesoma konvansio kolektivu, tumesoma fishi za mshahara. Lakini tulienda kwa munganga mmoja na infirmye mmoja wa reanimasio, wakakaa nasi jioni mbili na kalamu na karatasi. Haya ndiyo tuliyoelewa.

Shifre ilitoka wapi

Zamani, munganga aliyemwona mgonjwa mahututi alisema tu kwa uzoefu wake: huyu ni mbaya sana, huyu atapona. Kila munganga alikuwa na jicho lake. Katika miaka ya 1970, sali za reanimasio zilipokuwa nyingi Ulaya na Marekani, ikawa shida kulinganisha lopitali moja na ingine. Lopitali inayopokea wagonjwa wabaya zaidi ilionekana kama inaua watu, kumbe inapokea tu mizigo mizito.

Mwaka 1974, kule Glasgow, waganga Graham Teasdale na Bryan Jennett walitoa kipimo cha kuangalia akili ya mgonjwa: anafungua macho namna gani, anajibu namna gani, anasogeza mikono namna gani. Mtu mzima kabisa anapata 15, aliye chini kabisa anapata 3. Kipimo kile kinaingia mpaka leo katika karibu skori zote.

Mwaka 1981, kule Washington, munganga William Knaus na wenzake walitoa skori wakaiita APACHE. Ilikuwa na vipimo 34, mingi sana kwa kazi ya kila siku. Mwaka 1985 wakatoa ya pili yenye vipimo 12, pamoja na umri na magonjwa ya zamani. Waliijaribu kwa wagonjwa 5,815 wa lopitali 13.

Ile ambayo waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanaijua zaidi inaitwa IGS. Waingereza wanasema SAPS. Ilitoka Ufaransa mwaka 1984, kwa mkono wa munganga Jean-Roger Le Gall. Ya pili, IGS II, ilitoka mwaka 1993. Waliangalia wagonjwa 13,152 katika sali 137 za reanimasio, katika nchi 12 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Tukumbuke hesabu hizi, tutazirudilia: nchi 12, na hakuna hata moja ya Afrika.

Inahesabiwa namna gani

Ni kazi ya kujumlisha, si uchawi. Katika saa 24 za kwanza, wanachukua kipimo kibaya zaidi cha kila kitu: tansio, mapigo ya moyo, joto, mkojo, damu, akili. Kila kipimo kiko na pointi zake. Kama kiko sawa, ni sufuri. Kama kimeharibika, pointi zinapanda.

Ndugu yetu wa kwanza alikuwa na malaria kali, ile inayopanda kichwani, na figo zilikuwa zinakataa. Munganga alituandikia hesabu yake hivi:

Umri wa miaka 46: pointi 7. Kuingia kwa ugonjwa, si kwa kupasuliwa: 6. Akili ya 7 katika kipimo cha Glasgow: 13. Tansio chini ya 100: 5. Moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika: 4. Joto la zaidi ya digri 39: 3. Mkojo chini ya nusu litre kwa siku: 11. Chembe nyeupe za damu zimepanda kupita 20,000: 3.

Jumlisha mwenyewe: 52.

Kisha kuko fomula inayogeuza zile pointi kuwa asilimia. Pointi 28 zinatoa karibu 9 kwa mia. Pointi 40 zinatoa karibu 25 kwa mia. Pointi 52 zinatoa karibu 51 kwa mia. Njo ile "nusu" tuliyoisikia kwa simu.

Tenere ya kilima si tenere ya jiwe

Sisi wa mugodi tuko na njia yetu ya kuelewa jambo hili. Jeoloji akisema sehemu hii ya kilima iko na shaba 3 kwa mia, hakuna mtu kati yetu anayefikiri kila jiwe liko na 3 kwa mia. Kuko jiwe la kijani tupu, na kuko jiwe ambalo ni udongo mtupu. Ukijaza kamyo mia, jumla itakuwa karibu na ile aliyosema. Ukiokota jiwe moja mkononi, tenere ya kilima haikuambii kitu cha hakika juu ya jiwe lile.

Skori ni vile vile. Inasema: chukua watu mia wenye pointi 52, karibu 51 watafia lopitali na 49 watarudi nyumbani. Haisemi kama baba watoto wako iko kati ya wale 51 ao kati ya wale 49. Kwa hiyo ndugu yetu wa kwanza kupona hakuonyeshi kwamba shifre ilidanganya. Na ndugu wa pili kufa hakuonyeshi vile, juu hata 9 kwa mia ni watu 9, na wale 9 nao wako na jina na familia. Aliyedanganyika ni sisi. Tulichukua tenere ya kilima, tukaiandika juu ya jiwe moja.

Lakini kuko swali la pili, na hili ni kali zaidi. Wachimbaji wa mikono, wale tunawaita kreseri, wanajua mashini ya Metorex inayopima tenere katika makontwari. Kreseri anatoa jasho, mwingine anashika mashini, shifre inatoka, bei inaanguka. Kreseri hasemi kwamba tenere haiko. Anasema: mashini hii ilipangwa na nani, na ilipimwa kwa mawe ya wapi? Swali lile lile tunapashwa kuliuliza juu ya skori.

Vitu ambavyo shifre haioni

Cha kwanza ni kipimo kisichofanywa. Katika IGS II, kipimo kinachokosa kinahesabiwa kama kiko sawa, maana yake sufuri. Ulaya, labo inatoa vyote katika saa moja. Kwetu, siku ambayo dawa ya labo imeisha, ao umeme umekatika, ao familia haijalipa bado, potasiamu haipimwi, ini halipimwi. Karatasi inaandika sufuri. Mgonjwa anaonekana mzima kuliko vile alivyo. Ile 52 ya ndugu yetu, munganga alituambia wazi, ilikosa vipimo vitatu. Pengine ilikuwa zaidi.

Cha pili ni mapafu. Hapa tuliacha kalamu, tukamwomba munganga arudilie. Katika IGS II, pointi za oksijeni zinahesabiwa tu kama mgonjwa iko juu ya mashini ya kupumulisha. Kama hayuko juu ya mashini, ni sufuri. Katika lopitali yenye mashini za kutosha, hii iko na maana: asiye juu ya mashini hajafika kule bado. Lakini katika sali ambapo mashini ni moja na tayari iko na mtu, mgonjwa anayepumua kwa taabu anapata sufuri kwa mapafu, kwa sababu mashini haiko, si kwa sababu mapafu ni mazima.

Njo ilivyokuwa kwa ndugu yetu wa pili, yule wa 28. Kama angekuwa juu ya mashini, kwa namna oksijeni yake ilivyokuwa, angeongezewa pointi 9. Angefika 37, na ile 9 kwa mia ingekuwa karibu 20 kwa mia. Kutoka mtu mmoja kwa kumi na mmoja mpaka mtu mmoja kwa tano. Tulitulizwa na shifre ambayo ilikuwa ndogo juu ya umasikini wa sali.

Cha tatu ni vumbi. Katika IGS II, magonjwa ya zamani yanayopewa pointi ni matatu tu: SIDA, kansa iliyokwisha kusambaa, na kansa ya damu. Vumbi la miaka 19 chini ya udongo halina pointi hata moja. Silikozi haiandikwi. Mtoboaji wa miaka 52 mwenye mapafu yaliyojaa mchanga na mwalimu wa miaka 52 ambaye hajawahi kuona mugodi wanaanza na pointi sawa. Hatusemi waliofanya skori ni watu wabaya. Waliangalia wagonjwa wao, na katika sali zile watoboaji hawakuwa wengi. Lakini sisi tuko wengi hapa. Shifre isiyojua kazi yetu haiwezi kutujua vizuri.

Tena ile SIDA inapewa pointi 17, karibu uzito wa kuwa na miaka 80. Zile pointi zilihesabiwa mbele ya dawa za leo. Mtu aliyekwisha kupata magonjwa ya SIDA, hata kama leo anakunywa dawa zake kila siku, anabebeshwa mzigo wa mwaka 1992.

Cha nne ni matunzo yenyewe. Skori inasema ni wangapi wanakufa wakipata matunzo ya zile sali 137. Haiwezi kujua kama kwako chupa ya oksijeni itaisha saa nane za usiku, kama gurupu ya umeme iko na mazutu, kama infirmye iko mmoja kwa wagonjwa wawili ao mmoja kwa wagonjwa kumi na wawili.

Na hili si maneno ya sendika tu. Mwaka 2020, wakati wa Kovidi, lopitali 64 za nchi 10 za Afrika zilifuata wagonjwa zaidi ya 3,000 walioingia katika matunzo ya mahututi. Kati ya watu mia, 48 walikufa ndani ya siku 30. Hesabu ya dunia nzima wakati ule ilikuwa karibu 31 ao 32. Watafiti walionyesha kwamba uhaba wa vyombo, kama dialize, ulikuwa moja ya sababu. Mwaka 2025 ikatoka kazi kubwa zaidi, ya lopitali 180 katika nchi 22 za Afrika, karibu wagonjwa 20,000. Mmoja kati ya 8 alikuwa mahututi. Na karibu 7 kati ya 10 wa wale mahututi walikuwa wamelala katika sali za kawaida, si katika reanimasio. Zaidi ya nusu ya wale mahututi hawakupata matunzo ya msingi waliyohitaji, na matunzo yale si mambo ya ajabu: oksijeni, maji ya mshipa, kulinda njia ya pumzi.

Skori zilizotoka kwetu

Kuko watu ambao hawakungoja. Rwanda, waganga walichukua wagonjwa wa sali za reanimasio za lopitali mbili za serikali, wakatoa skori yao mwaka 2016. Iko na vitu vitano tu: umri, akili, mapigo ya moyo, kama kuko maambukizo, na kama mgonjwa aliingia na tansio iliyoanguka. Haiombi labo kubwa.

Mwaka 2017 ikatoka ingine, inaitwa UVA. Walikusanya wagonjwa zaidi ya 5,500 wa nchi za Afrika, kati yao Tanzania, Uganda, Malawi, na Zambia hapa jirani, upande ule wa Kasumbalesa. Inaangalia joto, moyo, pumzi, tansio, oksijeni ya kidoleni, akili, na kama mtu iko na virusi vya SIDA. Angalia tofauti: hapa oksijeni inahesabiwa kwa kile kichombo kidogo cha kubana kidole, mashini iwepo ao isiwepo. Ikianguka chini ya 92, ni pointi 2. Akili ikiharibika hata kidogo, ni pointi 4. Pumzi zikifika 30 kwa dakika, pointi 1. Infirmye mwenye saa, termometre, kipima tansio na kile kichombo cha kidole anaweza kuifanya kitandani, hata umeme ukikosa.

Skori ile nayo haioni vumbi, tuseme ukweli. Lakini inaonyesha kwamba shifre inaweza kupangwa upya kwa watu wa mahali. Ndugu yetu wa pili, kwa UVA, oksijeni yake ingelia kengele siku ya kwanza.

Basi shifre iko na faida gani?

Wandugu wengine, kwa hasira, walisema katika mkutano: tukataze shifre hizi kabisa. Hatukubali. Kutupa kipimo ni kuwapa nafasi wale wanaopenda giza.

Faida ya kwanza ni kulinda mgonjwa. Shifre ikipanda, ni sababu ya kukimbia haraka, si sababu ya kungoja. Yule mkubwa wa personeli aliisoma kinyume. Mtu wa 52 ndiye anayehitaji dialize leo, kwa sababu kuko 49 kwa mia wanaorudi nyumbani na yeye anaweza kuwa mmoja wao. Tena ukimngojesha mtu juu shifre ni mbaya, akafa juu ulimngojesha, kesho utasema shifre ilikuwa kweli. Ile si kujua mambo ya mbele. Ile ni kuyafanya.

Wenye kutengeneza skori wenyewe walionya. SOFA, ambayo inaangalia viungo sita na ambayo kundi la munganga Jean-Louis Vincent wa Brussels lilitoa mwaka 1996, ilitengenezwa ili kueleza namna viungo vinavyochoka siku kwa siku. Haikutengenezwa ili kutabiri kifo. Munganga mzuri anaipima leo, kesho, kesho kutwa, anaangalia kama inashuka ao inapanda.

Faida ya pili inatuhusu sisi wa sendika moja kwa moja. Skori inaweza kupima lopitali, si mgonjwa tu. Hesabu ni nyepesi. Tuseme katika mwaka mmoja wagonjwa mia wa mugodi wanaingia reanimasio, na skori zao zote pamoja zinasema vifo vitakuwa karibu 30. Kama wamekufa 30, sali inafanya kazi sawa na zile za mfano. Kama wamekufa 45, gawanya 45 kwa 30: ni moja na nusu. Kuko vifo 15 zaidi, na lazima mtu aeleze. Pengine ni skori isiyofaa kwetu. Pengine ni oksijeni. Pengine ni wagonjwa wanaofika wamechelewa juu karatasi ya kampuni ilichukua siku mbili. Hesabu ile peke yake haisemi kosa ni la nani, lakini inalazimisha swali liulizwe. Bila shifre, tunabaki na "Mungu amependa", na dosie inafungwa.

Wazee wetu wa Gécamines walikuwa na lopitali za kampuni. Baba akigonjwa, alijua mlango. Tangu mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa ile waliyoita kuondoka kwa hiari, na makampuni ya sutretanse yakaongezeka, mlango ule umekuwa karatasi, na karatasi iko na mwenye kuisaini. Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inamwagiza mwajiri kutoa matunzo kwa mfanyakazi na familia yake. Haisemi mahali popote: akiwa na nafasi zaidi ya nusu. Kwa hiyo skori haina kazi mezani pa personeli.

Tunayoomba

Katika mazungumzo ya konvansio yanayokuja, tumeandika mambo manne.

Moja: skori ya mgonjwa ni siri ya dosie. Munganga na familia wanaijua. Direksio na asiransi hawaiombi, na haiandikwi katika ombi la kuhamisha mgonjwa. Anayeamua kama safari itamsaidia ao itamumaliza ni munganga, kwa maana iko wagonjwa wasiostahimili barabara.

Mbili: kila mwaka lopitali inayolipwa na kampuni itoe hesabu bila majina: walioingia wangapi, skori ilitazamia vifo vingapi, vilitokea vingapi. Delege wa sendika wakae mezani hesabu ikisomwa.

Tatu: kile kichombo cha kidole kwa kila kitanda, si katika reanimasio peke yake, na oksijeni ya usiku kucha. Kichombo kimoja ni rahisi kuliko tairi moja ya dampa.

Nne: mtoboaji akiingia lopitali, dosie yake ya dawa za kazi, na picha zake za mapafu za kila mwaka, ziingie pamoja naye siku ile ile. Kama skori haioni vumbi, basi munganga alione.

Na kuko jambo la tano, hili hatuliombi kwa mtu, tumelipitisha sisi wenyewe katika mkutano. Karatasi ya matanga haitembei tena katika ekipe mpaka familia iseme kwa mdomo wake kwamba mtu amekufa. Mbele ya pale, karatasi inayotembea ni ya zamu za kulala mlangoni mwa lopitali: nani usiku huu, nani kesho, nani iko na motokari ya kutafuta chupa ya oksijeni. Ya kwanza tuliifungua juma lililopita, kwa mama mmoja wa kantini. Skori yake hatujaiuliza.